Siku 12 Mentawai: mashua au kulala nchi kavu, mbao ngapi, na mwamba tujiandae nao vipi?

Pezi_Tatu

Wakuu, habari zenu. Tuko wanne na tunapanga safari ya siku 12 kwenda visiwa vya Mentawai, magharibi ya Sumatra, Indonesia, kuteleza mawimbini. Wawili wamezoea mawimbi yanayopita kichwa. Wawili wako kwenye ya kifuani hadi kichwani. Wote tumejifunzia ufukwe wa mchanga, mwamba wa matumbawe hatuna uzoefu nao.

Maswali: twende mwezi gani? Tukodi mashua ya kulala humo humo, au tukae kisiwani na kupelekwa kila asubuhi kwa boti ndogo? Kila mtu abebe mbao ngapi za kutelezea, na vifaa gani vya kuzitengeneza? Na sanduku la dawa liwe na nini, kwa kuwa hospitali kubwa iko Padang, ng'ambo ya bahari? Naomba majibu yenye vipimo, sio "beba vya kutosha".

---

Bamvua

Anza na mawimbi yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayojibu swali la mwezi.

Mawimbi ya Mentawai hayazaliwi hapo. Yanatoka kwenye dhoruba za kusini kabisa ya Bahari ya Hindi, maelfu ya kilomita mbali, na dhoruba hizo hukolea wakati wa kipupwe cha kusini. Msimu ni Aprili hadi Oktoba, kilele Juni hadi Agosti. Kwa kundi lenye watu wawili ambao bado wanajenga uwezo, kilele si chaguo zuri: mawimbi huwa makubwa zaidi, watu wamejaa majini, na bei ziko juu. Aprili, Mei mwanzoni, au kuanzia katikati ya Septemba mnapata siku nyingi za kiwango cha kichwa, na pale panapokuja pigo kubwa, yaani mkupuo wa mawimbi kutoka dhoruba moja, wazoefu wenu watashiba.

Mkisoma utabiri, msiangalie kimo peke yake. Angalieni sekunde kati ya wimbi na wimbi. Wimbi la sekunde 10 lina urefu wa mita 156 hivi kwenye kina kirefu. La sekunde 16 lina takriban mita 400. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari kina kinapofika nusu ya urefu wake, kwa hiyo lile la sekunde 10 linaigusa kwenye mita 78, na la sekunde 16 kwenye mita 200. Ndiyo maana mita 1.5 ya sekunde 16 ikifika kwenye mwamba unaopanda ghafla kutoka kilindini husimama ukuta mkubwa na mzito kuliko mita 1.5 ya sekunde 10. Namba ni ile ile, mchezo si ule ule.

Faida ya umbali huo ni kwamba mnapata muda wa kujipanga. Nguvu ya mawimbi ya sekunde 16 husafiri kilomita 45 hivi kwa saa, kwa hiyo dhoruba iliyo kilomita 4,000 mbali inawafikia baada ya siku tatu na nusu hadi nne. Ya sekunde 10 inachukua kama siku sita. Yale marefu hutangulia. Hapo wageni wengi huumia: siku ya kwanza ya pigo jipya bahari inaonekana imelala, dakika 15 au 20 hakuna kitu, kisha linakuja kundi la mawimbi manne matano ya kupita kichwa na kuwakuta wote wamekaa karibu mno na mwamba. Kabla ya kuingia, kaeni kwenye boti nusu saa nzima mkitazama. Nusu saa kwa saa ya mkononi, kukisia hakufai.

Upepo karibu na ikweta ni mwepesi na hubadilika mara kwa mara. Utabiri wa upepo wa siku tano mbele pale hauna thamani kubwa. Mpangilio wa visiwa ndio unaowaokoa. Mfano ni kusini ya kisiwa cha Sipora, kijiji cha Katiet: sehemu mbili za mawimbi, Lance's Right na Lance's Left, ziko pande mbili za pembe moja ya kisiwa, na upepo unaoharibu moja mara nyingi hunyoosha nyingine.

Maji kujaa na kupwa ni kidogo, hata bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, haizidi sana mita moja. Msidharau. Mahali ambapo mwamba uko mita moja na nusu chini ya uso, kushuka kwa sentimita 60 kunabadilisha kila kitu. Lance's Right ina sehemu ya ndani wanayoiita meza ya mpasuaji, na jina limetokana na kazi yake. Maji yakipwa, wimbi likikupeleka hadi pale umekwisha chelewa, toka mapema.

---

Nanga_Juu

Mashua au nchi kavu: kwa kundi lenu la viwango viwili, naona mashua, mradi iwe nzuri.

Mawimbi yametawanyika. Kaskazini, kati ya Siberut na Sipora, kuna eneo la Playgrounds lenye Rifles, Kandui, Bank Vaults na mengine ya upole. Karibu na Tuapejat, mji wa bandari kisiwani Sipora, kuna Telescopes. Kusini, Pagai Utara, kuna Macaronis. Aliye kisiwani anafungwa na kile boti yake inachoweza kufikia kwa saa moja. Mashua inahama usiku, mnaamka mkiwa mahali pengine. Wazoefu wakitaka Bank Vaults, wenzao wanashushwa sehemu laini ya jirani.

Wawili wale wasidanganywe na picha za Kandui: ni wimbi la kushoto, yaani mtelezaji analifuata kuelekea kushoto kwake, linakimbia kuliko mtu, halimsubiri anayejifunza. Macaronis ni rafiki zaidi kwa sababu linavunjika kwa mpangilio ule ule kila mara, ila maboya ya kufungia mashua pale ni machache, kwa hiyo mwulizeni nahodha utaratibu wa zamu kabla ya kulipia safari kwa ajili ya Macaronis.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, ulizeni haya kwa maandishi, na majibu yaje kwa maandishi. Maboya ya kuvaa mangapi, na watu wote pamoja na mabaharia ni wangapi? Kuna redio ya mawasiliano ya baharini (VHF) na inasikiliza chaneli 16, ile ya dharura? Kuna simu ya setilaiti? Kifaa cha kutoa ishara ya dharura cha 406 MHz kipo, na betri yake inaisha lini? Boti ndogo ziko ngapi? Iwapo ni moja na injini moja, basi injini hiyo ikifa mtu akiwa amevunjika mguu kwenye mwamba, hamna njia ya kumfikia, maana mashua kubwa haisogei pale. Ziwe mbili, au moja yenye injini ya akiba. Mpishi analala wapi na jiko linatumia gesi iliyofungwa wapi? Moto ndio adui mkubwa wa mashua za mbao. Nahodha anayekasirika kwa maswali hayo amewajibu tayari.

Ulizeni pia nani anasimamia zamu ya usiku mashua ikiwa inatembea. Jibu la "nahodha mwenyewe" kwa siku 12 mfululizo halitoshi.

---

Kisiwa_Kwanza

Sikubaliani kwamba mashua ni lazima. Watu wanne ni wachache kujaza mashua. Mtaunganishwa na wageni wengine, na kundi lenye nguvu ndilo litakaloamua mwende wapi. Anayeugua bahari naye atapoteza siku mbili za kwanza.

Mkikaa nchi kavu, gharama iliyojificha ni mafuta. Injini ya nguvu farasi 40 ikisukumwa kikamilifu inakula lita 15 hivi kwa saa. Safari ya dakika 45 kwenda na 45 kurudi, mara mbili kwa siku, ni lita 45 kwa siku moja. Ulizeni: mafuta yamo kwenye bei? Safari ngapi kwa siku? Umbali gani? Wenye makao huandika "usafiri wa boti umo", halafu inakuwa ni hadi wimbi la mbele ya nyumba tu.

Kufika: mnaruka hadi Padang, kwa kawaida kupitia Jakarta au Kuala Lumpur, kisha boti ya abiria ya kasi hadi Tuapejat, kama saa tatu hadi nne. Haiondoki kila siku kwa kila kisiwa, na bahari ikichafuka inaahirishwa. Wekeni usiku mmoja Padang wakati wa kwenda na mmoja wakati wa kurudi. Mbao hupotea kwenye kuunganisha ndege, na boti ikishaondoka mizigo yenu haitawafuata hadi siku nyingine. Tengeni pia ada ya kiserikali ya watelezaji wa Mentawai. Ulizeni kama imo kwenye bei mliyopewa.

---

Msasa80

Mbao: tatu kwa kila mtu. Mbili hazitoshi, maana zikivunjika mbili hakuna duka. Nne ni mzigo usiobebeka kwenye boti ndogo.

Kwa mtelezaji wa kilo 75 aliyezoea: wa kila siku futi 6, wa pili futi 6 na inchi 4 wenye mkia mwembamba zaidi kwa siku za kupita kichwa, na wa tatu mfupi na mpana kwa siku ndogo. Wale wawili wanaojifunza waongeze lita 3 hadi 5 juu ya ujazo waliouzoea. Mwambani unahitaji kuingia wimbini mapema, na ujazo ndio unaokuingiza mapema. Anayechelewa kusimama anaangukia pale pale maji yanapofyonzwa kutoka juu ya mwamba.

Kamba za mguuni: mbili za futi 6 na moja ya futi 7 kwa kila mtu, unene wa milimita 7 kwa siku kubwa. Chakavu ziacheni nyumbani. Kile kiuzi cha kufungia kwenye ubao kiwe kifupi ili utepe mpana ndio unaopita ukingo wa mkia. Kikiwa kirefu, siku wimbi linapovuta kwa nguvu kinakata ukingo kama waya.

Mapezi: seti mbili kamili, na funguo mbili zilizowekwa mifuko tofauti. Hakikisheni aina, maana kuna mifumo miwili ya kufungia mapezi, na ya FCS hayaingii kwenye tundu za Futures. Nta iwe ya maji ya kitropiki, vipande vitatu kwa mtu, pamoja na ya msingi iliyo ngumu zaidi. Nta ya maji baridi pale inageuka mafuta.

Matengenezo ndiyo wengi wanakosea. Jueni kwanza ndani ya ubao kuna povu gani. Ubao wa poliuretani unakubali rezini (gundi ya maji inayoganda kuwa ngumu) ya poliesta na ya epoksi. Ubao wa polistirini unakubali epoksi tu; ukipaka poliesta, stirini iliyomo inayeyusha povu na tundu la sarafu linakuwa la ngumi. Kama hujui, tumia epoksi. Zile za kukauka kwa jua zipo za aina zote mbili, someni kopo.

Kwa watu wanne na mbao 12: tyubu tatu za kukauka kwa jua, epoksi ya kawaida gramu 250 na kigumishi chake, kitambaa cha faiba cha aunsi 4 kipande cha nusu mita mraba, msasa namba 80, 120 na 240, wembe, glavu, utepe wa karatasi, na vijiti vya kukorogea.

Utaratibu: toa ubao majini mara tu unapoona ufa. Usimamishe tundu likiwa chini, kivulini, maji yatoke. Weka kitambaa kikavu kwenye tundu. Kikitoka na unyevu, bado. Inaweza kuchukua siku nzima, na hii ndiyo sababu ya ubao wa tatu. Ukiziba maji ndani, joto linayageuza mvuke na ganda linabanduka kutoka kwenye povu. Hapo ubao umekufa. Kisha kata ncha zilizolegea, kwaruza kwa 80 sentimita 2 kuzunguka, paka rezini ukiwa kivulini, funika kwa karatasi ya plastiki, ndipo utoe juani. Dakika tano hadi kumi jua kali linatosha. Malizia kwa 120, halafu 240.

Na tafadhali, msiache mbao ndani ya mfuko juu ya paa la mashua mchana. Joto la ndani ya mfuko linaua ubao bila kuguswa na mwamba.

---

Dawa_Baridi

Kabla ya sanduku: bima. Soma sehemu ya michezo, utafute maneno yanayotaja kuteleza mawimbini na kuhamishwa kwa dharura kwa njia ya bahari na anga. Majeraha makubwa huishia kupelekwa Singapore, na bila bima hiyo ni fedha ya kuuza nyumba. Chanjo ya pepopunda: ikiwa imepita miaka 10, rudieni, kwa jeraha chafu daktari huanza kufikiria kuirudia baada ya miaka 5.

Malaria: muoneni daktari wiki sita kabla. Kati ya dawa za kinga, doksisaiklini ni rahisi kwa bei, lakini inaifanya ngozi iungue haraka juani, na nyinyi mtakaa juani saa sita kwa siku. Isitoshe inaendelea kumezwa wiki 4 baada ya kutoka. Atovakwoni na proguanili inaishia siku 7 baada ya kutoka. Mwelezeni daktari mnakwenda kufanya nini, asidhani mnakwenda kukaa ofisini. Mbu wa dengi yeye anauma mchana, kwa hiyo dawa ya kujipaka ni ya saa zote. Homa ikipanda ghafla tumieni parasetamoli, msiguse aspirini wala ibuprofeni hadi dengi iondolewe, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Mchubuko wa matumbawe hauponi kama mwingine, kwa kuwa vipande vidogo na vijidudu vya baharini hubaki ndani. Osheni siku hiyo hiyo, ndani ya saa moja. Maji safi ya chupa au yaliyochemshwa, nusu lita kwa jeraha la kiganja, yasukumwe kwa nguvu kwa bomba la sindano la ml 20 lisilo na sindano. Sabuni na brashi laini. Inauma, lakini hakuna njia nyingine. Kibanio kitoe vipande. Iodini, kisha bandeji isiyonata. Jeraha chafu lisifungwe kwa gundi wala vibandiko vya kuvuta ngozi, mtafungia uchafu ndani. Wekundu unaopanda kama mstari, homa, au maumivu yanayozidi siku ya pili: antibiotiki mliyoandikiwa na daktari kabla ya safari, na mtu atolewe majini kabisa. Hali ikizidi kuharibika kwa saa chache tu, msingoje asubuhi.

Nungu wa bahari, na samaki wenye miiba ya sumu: ingiza mguu kwenye maji ya moto nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Ajaribu kwanza mwenzake ambaye hajaumwa, maana aliyeumwa hahisi anaungua.

Chumvi za kuongeza maji mwilini: pakiti 20, kila moja lita moja. Zikiisha, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita.

---

Pezi_Tatu

Asanteni sana wakuu. Bado mawili. Kwanza, mtu akianguka mwambani afanye nini hasa? Pili, nasikia wengine wanapaka ndimu kwenye mchubuko, ni kweli inasaidia?

---

Dawa_Baridi

Ndimu inaunguza nyama hai na haitoi vipande vilivyomo. Maji mengi na sabuni vinafanya kazi hiyo. Haidrojeni peroksaidi nayo kila siku inachelewesha kidonda kufunga.

---

Bamvua

Anguka bapa, kama jani linavyotua majini. Mgongo au makalio kwanza, juu juu, kamwe si miguu wala kichwa. Mikono miwili ifunike kisogo na kichwa, viwiko vikiwa mbele ya uso. Usipige mateke kutafuta juu. Ukipiga teke unakanyaga mwamba. Ukiibuka, mkono utangulie, ubao wako huenda uko juu yako.

Ukikuta maji ni ya magotini, usisimame. Lala juu ya ubao, tumbo chini, uelee. Kosa la walioanzia mchangani ni kujaribu kurudi nje kupitia pale pale mawimbi yanapopiga. Acha yakusukume ndani ya mwamba, pale maji yanapotulia, kisha piga makasia kwa mikono ukifuata ukingo hadi kwenye mlango, yaani mkondo wa kina kirefu unaokatiza mwamba. Maji yanayomwagwa juu ya mwamba lazima yatoke, na yanatokea mlangoni. Mkondo huo utakubeba nje bure. Ila siku kubwa unaenda kwa nguvu, kwa hiyo ukishatoka, geukia upande wa wimbi mapema kabla haujakupeleka mbali.

Helmeti siku za maji kupwa, hasa wale wawili. Viatu vya mwambani vinafaa kutembea, lakini juu ya ubao vinapunguza hisia. Mkiwa na boti havihitajiki sana.

---

Kisiwa_Kwanza

Mkichagua nchi kavu kuna jambo halijatajwa: tetemeko. Tarehe 25 Oktoba 2010 tetemeko la 7.7 lilileta tsunami iliyoua zaidi ya watu 400, wengi wao visiwa vya Pagai. Tetemeko lile halikutikisa kwa ukali, lilitikisa polepole na kwa muda mrefu, na wengi hawakuona sababu ya kukimbia. Kwa hiyo kipimo chenu kiwe muda, si ukali tu. Ardhi ikitikisika nusu dakika au zaidi, hata kwa upole, pandeni juu papo hapo, bila kungoja king'ora wala ujumbe wa simu. Msishuke baada ya wimbi la kwanza; huja kadhaa kwa saa nyingi. Siku ya kufika, kabla ya kufungua mifuko ya mbao, tembeeni njia ya kupanda kilimani, na muirudie usiku mkiwa na tochi.

---

Nanga_Juu

Na kwa mashua, tetemeko likihisiwa au onyo la BMKG, idara ya hali ya hewa na matetemeko ya Indonesia, likifika mkiwa mmetia nanga ghubani, nahodha aelekee kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Mwulizeni kama anaweza kukata nanga na kuondoka gizani, na nani kati ya mabaharia anajua kuwasha injini kuu asipokuwepo. Kila mmoja wenu alale akijua boya lake la kuvaa liko wapi; wekeni chini ya godoro, wala si kwenye sanduku la sitahani lenye kufuli.